TuxMath darasani: mchezo mzuri, ila mipangilio yake inataka mwalimu mvumilivu

Kwa shule za Mwanza zenye kompyuta za mtumba na intaneti ya kubahatisha, TuxMath unaifaa maabara kuliko michezo mingi ya hesabu inayosifiwa siku hizi. Ni wa bure, na ukishawekwa hauhitaji mtandao, kwa hiyo shule ya Nansio na ya Nyamagana zinaucheza sawasawa. Kwenye Ubuntu (mfumo endeshi wa bure wa Linux) unaingia kwa amri moja ya terminali: sudo apt install tuxmath.

Vimondo vyenye maswali vinashuka kwenye nyumba za barafu za pengwini. Mwanafunzi anaandika jibu na kubonyeza Enter. Wageni wa kompyuta hukwama hapo hapo: wanaandika 56, wanakaa kusubiri, kimondo kinatua.

Kinachoudhi ni kwamba vipimo vya maswali havina ukurasa wa kubofya. Viko kwenye faili la options, ndani ya folda iliyofichwa ya .tuxmath (bonyeza Ctrl+H ili ionekane). Funga mchezo kwanza, kisha lifungue kwa kihariri cha maandishi matupu, si Writer ya LibreOffice.

Tuseme darasa linasoma jedwali la kuzidisha la 6 hadi 9. Weka multiplication_allowed = 1, na addition_allowed, subtraction_allowed na division_allowed zote 0; ukisahau moja, kujumlisha kutachanganyika humo. Kisha min_multiplier = 6, max_multiplier = 9, min_multiplicand = 1, max_multiplicand = 10. Hayo ni maswali 40, yanatosha. Ongeza play_through_all = 1 ili yapitiwe yote, repeat_wrong = 1 ili lililokosewa lirudi, na copies_repeated_wrong = 2 ili lirudi mara mbili. Fomati ya 6 × ? = 42 (format_answer_middle) iache 0 hadi jedwali likae kichwani.

Kasi ndiyo inayoharibu vipindi vingi. Vimondo hushuka kwa mawimbi, yaani makundi; kila wimbi likiisha, kasi huzidishwa kwa speedup_factor. Ikiwa 1.2, baada ya mawimbi matano imefika karibu mara 2.5 ya ile ya mwanzo. Mtoto anayetafuta tarakimu kwa kidole kimoja anaanza kubahatisha, na mwalimu anadhani hajui hesabu. Ikiwa 1.05, mawimbi yale yale matano huongeza takribani robo tu. Anza na speed = 0.5 (kasi ya mwanzo), starting_comets = 2 (vimondo vya kuanzia) na max_speed = 2 (kikomo cha kasi). Weka pia slow_after_wrong = 1, ili nyumba ikipigwa kasi ishuke.

Umehifadhi faili na hakuna kilichobadilika? Mara nyingi mwanafunzi amechagua Arcade kwenye menyu ya mchezo, ambayo ina vipimo vyake yenyewe. Faili la options husomwa na chaguo la Play Custom Game. Sababu nyingine ni akaunti: mwalimu amehariri kwenye yake, wanafunzi wanaingia kwa nyingine. Nakili faili kwa flashi hadi kwenye folda ya akaunti wanayotumia, kila mashine. Kelele? Anzisha kwa tuxmath --nosound.

Ndani ya .tuxmath kuna pia summary1, inayoorodhesha maswali yaliyokosewa. Ni hazina kwa kupanga marudio, lakini darasa zima likitumia akaunti moja huwezi kujua nani alikosea 7 × 8. Tengeneza akaunti kwa kila mtoto, au walau ulisome faili kabla mwingine hajakaa.