Tathmini: Asubuhi ya kuvua kwa mshipi, Ghuba ya Tanga

Huduma hii ya mashua ya kukodi, inayoanzia ufukwe wa Raskazone, inamfaa anayetaka kuvua kwa mshipi bila haraka, si yule anayewinda nguru mkubwa wa kujivunia. Tuling'oa nanga alfajiri, umande, upepo wa alfajiri, ukingali unavuma kutoka bara, tukakipita Kisiwa cha Toten na kwenda kusimama pembeni mwa mwamba, siku ambayo nahodha aliichagua kwa makusudi kwa kuwa ilikuwa ya maji mafu, yaani bahari hupwa na kujaa kidogo tu, na mkondo usingeuburuta mshipi. Ustadi wake ndio unaostahili malipo: aliniwekea uzi juu ya kidole cha shahada ili nihisi jinsi samaki aitwaye changu anavyodonoadonoa kipande cha ngisi kabla ya kukimeza, kisha akanionya kwamba chewa akinasa asilegezewe hata kidogo, kwani hukimbilia pangoni na kuukata uzi kwenye jiwe. Changu tulipata wa kitoweo. Kolekole mchanga tulimrudisha majini.

Kasoro zipo. Jaketi okozi moja lilikuwa na kifungo kilichovunjika, jambo ambalo silichukulii kwa wepesi, na chombo hakina turubai, ilhali kufikia saa tatu jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Aidha, kwa kuwa ghuba imo katika Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (samaki wa kale wa kilindini), iliyoanzishwa mwaka 2009, mteja aulize habari za kibali kabla ya kukubaliana bei.