Maiki na saundi kadi za kurekodia nyumbani hapa Mwanza: zipi ununue kama nyumba yako haina ethi ya maana

Malalamiko ni yaleyale. Mtu kajichanga kanunua maiki, kanunua saundi kadi (kile kiboksi cha kuunganisha maiki na kompyuta), kafika geto kafunga kila kitu kama alivyoona YouTube, anavaa hedfoni anakuta mmmmmm inaunguruma chini kabisa hata kabla hajafungua mdomo. Ananitumia voisi noti, "dada hebu sikiliza, hii maiki mbovu?" Mmoja kijana wa Mabatini anafanya singeli, mwingine mwanakwaya wa Buhongwa, na wote wawili muuzaji kawaambia dawa ni kununua maiki ya bei zaidi. Jamani. Maiki ya bei zaidi itakuletea mngurumo uleule, ila safi zaidi.

Kwahiyo hapa sitapoteza muda na kilohezi ngapi wala muonekano wala "inakuja na stendi", hayo yote boksi limeandika. Mi napanga vifaa kwa swali moja tu: ukichomoa waya ukutani, kitu kinaendelea kufanya kazi au kinazima?

Sababu ni mji wetu wenyewe. Ethi ya nyumba ni fimbo ya shaba inayozamishwa ardhini, na inataka udongo, tena wenye unyevu. Sasa panda Igogo, panda Mabatini, nenda Bugando kule juu, fundi akipiga nyundo mara mbili tatu kashakutana na jiwe la graniti, na graniti haipitishi umeme vizuri. Fundi anafanyaje? Anakata fimbo, anafukia kipande, anamwaga sementi juu, "tayari mama". Na hapo umepata fundi mwenye huruma, nyumba nyingi za kupanga hata hicho kipande hakipo, lile tundu la juu la soketi lipo lipo tu.

Chaja ya kompyuta huwa inavujisha umeme kidogo, ndo ilivyotengenezwa. Pakiwa na ethi umeme huo unaenda zake ardhini. Pasipokuwa nayo unabaki kwenye bodi ya kompyuta, unashuka na waya wa USB, unaingia kwenye saundi kadi, unapanda na kebo mpaka kwenye wavu wa maiki. Jaribu leo: weka kompyuta ya bodi ya chuma kwenye chaja, pitisha mgongo wa kidole taratibu juu yake, utasikia inatekenya. Sasa mwimbaji amesimama peku kwenye sakafu ya sementi, anasogeza mdomo kwenye maiki, inamng'ata kwenye lipsi. Kuna binti wa kwaya alikataa kabisa kurudi kwenye maiki, anasema ina kitu, mpaka nikachomoa chaja mbele ya macho yake na kuishika mwenyewe kwa mkono mzima.

Na usiseme utaondoa mngurumo kwenye miksi. Umeme wetu ni hezi 50, kelele yake inakaa kwenye 50, 100, 150 na kupanda juu, sehemu ileile ambayo sauti ya mwanaume inakaa. Ukiukata kwa EQ (kile cha kupunguza besi au treble) unakata na kifua cha mwimbaji, anabaki anaimba kama yuko kwenye simu.

Kipimo ni cha bure. Rekodi nusu dakika hamna anayeimba, chaja iko ukutani. Chomoa, rekodi tena na betri tupu. Mngurumo ukifa hapohapo basi maiki yako nzima, saundi kadi yako nzima, usitoe hata shilingi. Ukibaki, angalia kebo, na angalia simu iko wapi, maana simu ikikaa jirani na kebo inaleta ile drr-drr-drr, iweke kwenye hali ya ndege. Na tafadhali sana, acheni mchezo wa kukata mguu wa ethi kwenye plagi ili kelele ipungue. Ule mguu ndo unaokuokoa siku waya umegusa bodi. Kama nyumba ni yako tafuta fundi mwenye kifaa cha kupimia ethi, ashuke chini ya kiwanja penye udongo, azamishe fimbo zaidi ya moja aziunganishe.

Haya, sasa ununuzi.

Saundi kadi namba moja ni Focusrite Scarlett 2i2 na sitaki ubishi. Nina upendeleo, najua, hawa Waingereza nimewapenda toka zamani na nitawapenda. Ya kizazi cha nne, iliyotoka 2023, ina geini (nguvu ya kukuza sauti ya maiki) desibeli 69, wakati ya kizazi cha tatu ilikuwa 56, na hiyo tofauti kwa mtu anayetumia maiki ya dainamiki (zile za kawaida za jukwaani, kama SM58 hapo chini) ni kubwa mno, huhitaji kufungua geini mpaka mwisho ukaanza kusikia shhhhh. Ila kilichoniua mimi kiko nyuma: matundu mawili ya USB-C. Moja la kompyuta, lingine la umeme peke yake kwa wale ambao kompyuta yao haitoi umeme wa kutosha. Hapo unachomeka pawabenki nzuri. Kompyuta kwenye betri, saundi kadi kwenye pawabenki, TANESCO yuko nje ya chumba kabisa, akate asikate we unarekodi. Kuna mdogo wake, Solo, yenye tundu moja la maiki, na ukiimba peke yako inatosha, ila angalia geini yake ni 57 tu. Ya kizazi cha tatu kama utaipata iliyotumika toka kwa mtu unayemjua chukua, bado ni mashine.

Namba mbili Audient EVO 4. Inakula umeme wa USB tu, geini 58, na ina kitufe unakibonyeza unaimba kidogo yenyewe inapanga geini, kwa wale ambao kila siku wanarekodi sauti imepasuka hiki kitufe kitawasaidia. Tatizo lake ni kuipata hapa.

Tatu Behringer UMC202HD, nayo ya USB tu, biti 24 (kipimo cha ubora wa kurekodi), fresh. Usichanganye na UMC22 ambayo ni biti 16, majina yanafanana na wauzaji wanapenda sana mkanganyiko huo. Kaka yao mkubwa UMC404HD ana adapta yake ya ukutani, kwa swali langu la mwanzo huyo kashatoka. Vilevile zile mikisa za kanisani zenye tundu la USB na efekti 99, zinataka umeme wa ukutani muda wote na utatumia efekti moja tu, mwangwi. Kwa tamasha sawa, kwa geto hapana.

Maiki. Shure SM58. Ndio, ile ile ya kanisani, ya harusini, ya mikutano ya siasa, ipo toka 1966. Watu wananicheka nikisema hii ya kurekodia nyumbani, wanataka kondensa (maiki zinazonasa kila kitu kwa undani) kwa sababu kwenye video za studio wanaona kondensa. Sawa, tuongee. Rode NT1 kizazi cha tano kelele yake ya ndani ni desibeli 4, hiyo ni kimya cha kutisha, na Audio-Technica AT2020 ni desibeli 20. Kwenye karatasi Rode anamwacha mwenzake mbali. Ila chumba chako cha Kirumba, paa la bati halina silingi, bodaboda zinapanda mlima kwa gia ya kwanza, jirani kafungulia redio, friji iko ukuta wa pili, hata saa nane usiku hakishuki chini ya desibeli 30. Utalipia kimya ambacho chumba hakikupi. Kondensa inakuletea bodaboda, inakuletea friji, inakuletea bati linavyopasuka pasuka jua likizama na bati linapoa. SM58 ukiisogelea inakusikia wewe, ya mbali inayaacha mbali. Haitaki fantomu, ule umeme wa volti 48 ambao saundi kadi inazipelekea kondensa. Ikianguka unaiokota mnaendelea.

Jinsi ya kuitumia: vidole vinne kati ya mdomo na wavu, mtu wa sauti kubwa aongeze kidogo, na ukisogea sana besi inaongezeka, wengine wanaipenda hiyo kwenye kurap. Mgongo wa maiki ndo kiziwi, kwahiyo geuza mgongo uelekee kelele, dirishani au kwenye friji. Nyuma ya mwimbaji tundika blanketi zito au simamisha godoro, maana maiki inamwangalia yeye na ukuta ulioko nyuma yake. Trei za mayai zitoeni ukutani, hazizuii kelele ya nje hata kidogo na mwangwi zinapunguza kidogo mno, zinakusanya mende tu. Geini ipange sauti ya juu kabisa ifike kwenye desibeli -10 hivi, usikimbilie nyekundu, biti 24 zinakupa nafasi kubwa.

Tatizo la SM58 ni kopi. Zimejaa. Halisi ina gramu 298, na kopi nyingi ni nyepesi, kwahiyo mi huwa naenda nayo kwa muuza sukari wa jirani naiweka kwenye mzani wake wa kidijitali, muuzaji wa maiki ananuna, anune. Marekani maiki hii inauzwa kama dola 100, ukipiga hesabu ni kama laki mbili na nusu hivi, ongeza usafiri na kodi, kwahiyo ukitajiwa elfu sitini "orijino kabisa dada" we jijibu mwenyewe. Na ukitajiwa laki tano napo jijibu mwenyewe.

Namba mbili kwenye maiki nampa Rode NT1 hiyo hiyo ya kizazi cha tano, lakini kwa mtu mwenye nyumba ya silingi, mtaa umetulia, tuseme Capri Point au ndani ndani Malimbe. Ina tundu la kebo ya kawaida na USB humohumo, unaichomeka kwenye kompyuta moja kwa moja, na kwa njia ya USB inarekodi biti 32 za floti, hata mtu akipiga kelele ghafla haipasuki. AT2020 namba tatu, maiki ya heshima. SM7B mnayoipenda kwa sababu ya podikasti inataka geini kama desibeli 60, msiinunue halafu mkaifunga kwenye kikadi dhaifu mkaja kunilalamikia shhhhh.

Kwaya za watu thelathini hazihitaji hata haya. Chukueni kirekoda cha Zoom H1essential, betri mbili ndogo, hakina hata kitufe cha geini, weka kwenye stendi juu ya vichwa mbele ya waimbaji, rekodini kanisani mchana mfeni umezimwa. Mngurumo utatoka wapi na ukuta haujaguswa?

Za bei rahisi: ile BM-800 na kikadi cha V8 chenye taa na kitufe cha makofi, mbili zikija pamoja kwenye boksi. Acha. Rekodi na simu yako ikiwa haiko kwenye chaja, ndani ya kabati la nguo, utapata kitu kisafi zaidi. Nimemaliza.

Hedfoni ziwe za kufunga masikio yote ili mdundo unaouimbia usivujie kwenye maiki, ATH-M40x inatosha. Programu tumia Reaper, leseni ya mtu wa kawaida dola 60, kabla hujalipa unaijaribu siku 60 nzima.

Sasa wauzaji. Mimi sielewi kwanini hapa mjini mtu anauza saundi kadi ila hataki uichomeke. "Ukifungua boksi umenunua." Boksi lenyewe mara nyingi hana, anapiga picha ya mtandaoni, unalipa nusu, yeye anaagiza Kariakoo, inapakiwa kwenye basi la usiku, kesho mchana anakwambia "nimeitoa stoo", na juu kaweka laki yake. Biashara ni biashara, sikatai faida, nakataa uongo, na nakataa zaidi hii ya "hii ndo wanatumia wasanii wote wa Dar" kwa kila kitu kilichopo kwenye kabati la kioo hata adapta. Mi naenda na kompyuta yangu iliyochajiwa, hedfoni zangu na kebo yangu, nafungua geini mpaka mwisho nasikiliza bila mtu kuongea. Akikataa naondoka. Ukinunua dai risiti ya EFD, bila hiyo garantii ni maneno.

Vokali zenu pangeni Juni mpaka Agosti, mvua ya vuli ikianza kupiga bati hakuna maiki duniani itakayokusaidia. Kebo nunua XLR kwa XLR (plagi ya pini tatu pande zote mbili), mita tatu, ile ya bure yenye plagi ya gitaa upande mmoja ni antena ya kelele. Na ukiitandika usiilaze sambamba na waya wa ekstensheni, kama lazima vikutane vipishane kwa msalaba.