Duka la vitabu vya mitumba, Langoni: niliingia kutafuta nakshi

Mimi ni fundi wa nakshi za milango hapa Lamu. Juzi baada ya alasiri nilipita duka la vitabu vya mitumba Langoni nikitafuta kitabu cha mapambo, nikatoka na kitabu cha picha kuhusu Walakota, wenyeji wa asili wa nyika za Marekani. Shilingi 400. Bei hazikuandikwa popote, na hilo silipendi.

Kurasa kadhaa zimegandana kwa unyevu, lakini zilizosalimika! Nimeusoma ukurasa wa hesabu ya miaka mpaka adhana ya magharibi. Mtunza hesabu alichora picha moja tu kwa kila mwaka, kuanzia majira ya baridi hadi mengine, ya jambo ambalo kila mtu atalikumbuka. Mwaka 1833 wengi walichora nyota zikianguka, kwa vile Novemba hiyo vimondo vilimiminika usiku kucha. Walianza kwa ngozi ya nyati. Nyati walipomalizwa na wawindaji, wakachora juu ya kitambaa cha pamba, ndugu wa marikani yetu. Mamangu naye huhesabu hivyo: ukimuuliza nilizaliwa lini, atakutajia mvua na njaa kabla ya tarakimu.

Machungu yamo. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliwaachia Black Hills, milima yao mitakatifu. Dhahabu ikaonekana 1874, na kufikia 1877 milima imekwisha kuchukuliwa. Ibada yao ya ngoma ya jua ikapigwa marufuku, watoto wakapelekwa shule za bweni wakanyolewa nywele na kukatazwa lugha yao. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua walipwe zaidi ya dola milioni 100. Wakazikataa, wanataka milima yao. Hapo nilikiweka kitabu chini. Nimeshaombwa mara tatu niuze mlango wa nyumba ya babu, na kila mara dau lilipanda.

Mwenye duka ni mstaarabu, anakuachia usome barazani hata kama hununui. Nilimuuliza, "Ami, kuna kingine cha watu hawa?" Akasema, "Sina, mwanangu, ngoja mzigo wa Mombasa." Ijumaa hufungua baada ya swala. Kabla hujalipa, fungua kila ukurasa.