Ukae mbele ya mchoraji au umtumie picha ya simu?

Wachoraji wengi Nairobi huchora sura ya mtu kutoka picha uliyowatumia kwa WhatsApp. Bei huwa nafuu, hukwami kwenye foleni ya Thika Road ili ukakae kitini, na kufanana kuna uhakika zaidi, maana mchoraji ana muda wa kupima jicho liko wapi na pua inaishia wapi. Kwa marehemu, ndiyo njia pekee.

Lakini ukitaka mtu wa ndani aonekane, kukaa kunashinda, tena kwa mbali. Mbele ya kamera mtu hujipanga kwa sekunde moja tu. Baada ya nusu saa kitini, tabasamu limechoka, bega moja limeshuka, na midomo imerudi ilivyo mwenyewe akiwa peke yake. Mkono wa mchoraji huyachukua hayo yote kwenye karatasi moja. Hata Joy Adamson, aliyechora watu wa jamii nyingi za Kenya kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, aliwakalisha mbele yake. Hasara? Unaweza kutoka hufanani, na mtoto wa miaka minne hatulii hata kwa biskuti.

Utunzaji ni uleule: fremu ya kioo kisichogusa karatasi, mbali na jua.

Zawadi ya harusi ya wiki ijayo? Tuma picha, iliyopigwa karibu na dirisha, bila flashi. Baba mwenye hadithi nyingi? Mkalishe, umwache aongee.