Darasa la Jumamosi Chake Chake: Maisha ya Robespierre, wakili wa Arras

Darasa la historia linalosomeshwa Chake Chake kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri limemaliza mfululizo wake juu ya maisha ya Maximilien Robespierre, mmoja wa viongozi wa Mapinduzi ya Ufaransa yaliyoanza mwaka 1789. Kwa kuwa baadhi ya wazee wananiuliza kama ada ya shilingi 10,000 ina thamani yake, naona ni vyema niandike maoni yangu kwa urefu kidogo.

Ubora wa darasa hili umo katika mihadhara ya mwanzo. Walimu wengi humtaja Robespierre pale tu anapofika Paris, lakini Maalim wetu alikaa sana Arras, mji mkuu wa jimbo la Artois kaskazini mwa Ufaransa, ambako Robespierre alizaliwa mwaka 1758, akafiwa na mama akiwa na miaka sita, kisha akapata ufadhili wa kusoma Paris na kurejea kwao mwaka 1781 kufanya kazi ya uwakili. Kesi ya chuma cha kukingia radi ilisomeshwa kwa ustadi mkubwa: bwana mmoja wa Saint-Omer alikiweka juu ya nyumba yake, majirani wakaingiwa na hofu, mahakimu wa mji wakaamuru kiondolewe, na mwaka 1783 Robespierre akamtetea mbele ya Baraza la Artois, yaani mahakama kuu ya jimbo, hadi akashinda, kisha akaichapisha hoja yake na kumpelekea nakala Benjamin Franklin, Mmarekani aliyekivumbua chuma hicho. Sisi wa Pemba, tuliozoea kuona vijana wetu wakivuka kwenda Unguja na Dar es Salaam kutafuta jina, tulimwelewa upesi wakili huyu wa mkoani aliyechaguliwa mwaka 1789 kuliwakilisha bungeni Tabaka la Tatu, yaani raia wasio makasisi wala makabaila.

Miaka ya Paris ilipitiwa kwa kasi, ingawa hoja kuu haikupotea. Mwezi Mei 1791 Robespierre alisimama bungeni kutaka adhabu ya kifo ifutwe. Juni 1794, akiwa ndani ya Kamati ya Usalama wa Umma iliyokuwa ikiongoza serikali, aliunga mkono sheria ya 22 Prairial (tarehe ya kalenda ya Mapinduzi), iliyowanyima washtakiwa wa Mahakama ya Mapinduzi haki ya kuwa na wakili na kuwaachia majaji hukumu mbili tu, kuachiwa huru au kuuawa. Maalim alizisoma habari hizi mbili moja baada ya nyingine bila ya kuongeza neno, na ukumbi mzima ukamwelewa. Haukupita muda mrefu, tarehe 28 Julai 1794, Robespierre mwenyewe akapelekwa kwenye gilotini, mashine ya kukatia vichwa, bila ya kesi kusikilizwa, akiwa na umri wa miaka 36.

Kasoro kubwa, na kwangu si ndogo hata kidogo, ni kwamba suala la utumwa lilipewa dakika chache za mwisho. Mei 1791 Robespierre alipinga vikali neno "watumwa" lisiingizwe katika sheria ya makoloni, na tarehe 4 Februari 1794 Bunge la Ufaransa likaufuta utumwa katika makoloni yake. Habari hii inatugusa pwani yetu moja kwa moja, maana mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka, na soko lake lilikuwa katika visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Walowezi wa Île de France, yaani Mauritius ya leo, waliwafukuza mwaka 1796 wajumbe waliotumwa kuitekeleza amri ya kuufuta utumwa. Kuisomesha historia hii Pemba na kuishia Paris ni kumnyima msikilizaji sehemu aliyoistahiki zaidi.

Kuhusu huduma yenyewe, karatasi za muhtasari zimechapwa vizuri na maswali hujibiwa kwa subira, hata yale ya wanafunzi wa skuli wanaotaka tu majibu ya mtihani. Kipaza sauti ni kibovu, kwa hiyo anayekaa nyuma hukosa nusu ya maneno, na umeme ukikatika picha za ukutani hupotea. Kahawa na kashata hulipiwa mbali.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha sita au mtu anayesomea sheria, ada hiyo ni halali, ila afike mapema apate viti vya mbele. Anayetaka habari za biashara ya utumwa nitamshauri asubiri, kwani Maalim ameahidi kuongeza mhadhara mmoja mfululizo utakaporudiwa.