Tathmini ya mizani inayoungana na simu, kwa mtu aliyekwisha kupungua

Mizani hii ya kioo, inayotuma vipimo kwenye programu ya simu kila unapoipanda, inauzwa kama chombo cha kupunguzia uzito. Niliinunua nikiwa nimekwisha kupungua, tena kwa kiasi ambacho wengine walikiona wazi huku mimi sikioni, kwa hiyo sitaipima kwa madai ya wauzaji wake. Swali langu ni kama inamsaidia mtu aliyebadilika kuuona mwili alio nao sasa.

Katika kupima uzito sina malalamiko: jibu hutoka haraka, na ukishuka ukapanda tena papo hapo unapata namba ileile. Asilimia ya mafuta ni habari nyingine. Mizani za aina hii hupitisha umeme hafifu kwenye nyayo na kukadiria mafuta kutokana na jinsi mwili unavyouzuia, na kwa kuwa umeme huo husafiri kwenye maji, mtu aliyetokwa na jasho jingi anaweza kupewa jibu tofauti ilhali mafuta yake ni yaleyale. Hata uzito wenyewe huyumba kwa kilo 1 au 2 baina ya siku na siku, kwa sababu ya maji, chumvi na chakula kilichomo tumboni. Cha kusoma hapa ni mwelekeo wa wiki nyingi.

Hata hivyo, namba iliyo sahihi haimbadilishi mtu jinsi anavyojiona. Ubongo hutunza namna ya ramani ya mwili, ambayo Henry Head na Gordon Holmes, madaktari wa neva wa Uingereza, waliieleza mwaka 1911, na ramani hiyo inaweza kuachana na vipimo halisi bila mwenyewe kujua. Mtu aliyepungua huendelea kupita upande upande kati ya viti viwili ambavyo vingempitisha akiwa ameelekea mbele. Akienda kununua nguo, mkono unamtangulia kwenye saizi ya zamani, na muuzaji akimpa ndogo zaidi anadhani anabembelezwa. Utafiti mmoja wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2013 uliwapitisha watu kwenye uwazi wa upana mbalimbali: wagonjwa wa anoreksia, maradhi ya kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa, walianza kugeuza mabega hata pale uwazi ulipozidi upana wa mabega yao kwa asilimia 40, ilhali wasio na ugonjwa huo walianza kwenye asilimia 25. Hao walikuwa wagonjwa, na si kila aliyepungua ni mgonjwa, lakini matokeo hayo yanaonyesha kwamba miguu na mabega navyo vinaweza kufuata mwili wa kufikirika. Isitoshe, jicho hupima tofauti kwa kulinganisha na ukubwa uliokuwepo, ndiyo maana kilo 5 zilizotoka kwenye 60 huonekana upesi kuliko 5 zilizotoka kwenye 110.

Kwa sababu hiyo, kilichonifaa zaidi ni sehemu ya picha, ambayo watengenezaji wameificha chini kabisa ya menyu. Unapojipiga picha, ile iliyotangulia hutokea kama kivuli chepesi kwenye kioo cha simu, ukasimama umbali uleule na kwa mkao uleule, kisha picha mbili huwekwa ubavu kwa ubavu. Ukivaa shati lilelile kila mara, mambo hujitokeza ambayo kwenye kioo cha ukutani hayaonekani: mshono wa bega ulioteremka kuelekea kiwiko, mwanga unaopenya kati ya mkono na kiwiliwili. Unajitazama kama unavyomtazama mtu mwingine, na mtu mwingine huwa tunamhukumu kwa haki zaidi. Ile sanamu ya kuchorwa ambayo programu huipa kipaumbele haina thamani hiyo, kwani imetokana na urefu na uzito tu.

Nafasi ya kuandikia mzunguko wa kiuno ipo, lakini hakuna maelezo ya mahali pa kuweka futikamba. Shirika la Afya Duniani huelekeza katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga.

Kasoro inayonikera kuliko zote ni pongezi. Ukifikia lengo, programu hurusha fataki kwenye kioo na papo hapo kukupendekezea lengo la chini zaidi, huku chaguo la kudumisha uzito likiwa limezikwa kwenye mipangilio. Kwa mtu ambaye bado anajiona mnene, huo ni msukumo wa hatari. Aliyewahi kuugua maradhi ya ulaji asiinunue kabla ya kuzungumza na mtaalamu wake.

Naipa nyota 3 kati ya 5. Ya nne ningeiongeza picha zikiwekewa nywila yake yenyewe, kwa maana hivi sasa yeyote anayeshika simu yangu ikiwa wazi anaweza kuzitazama.