Bampa la faiba na bampa la plastiki kwenye Impreza STI: uzoefu wangu Kampala

Mabampa mawili ya mbele yameshafungwa kwenye Subaru Impreza WRX STI ya 2004 ninayoendesha: la kwanza nakala ya faiba (nyuzi za kioo zilizoshikwa na resini, kimiminika kinachoganda kuwa kigumu), la pili ganda la plastiki la kiwandani, mtumba kutoka Japani. Mwenye haraka achukue jibu hapa: gari likitembea Kampala kila siku, nunua polipropilini, yaani plastiki ya kiwandani, hata kama imechubuka. Faiba inafaa gari la maonyesho, au gari ambalo mwenyewe ana fundi wa resini anayemwamini. Niliinunua kwa karibu nusu ya bei ya mtumba, lakini kazi ya kuifanya ikae vizuri ilimeza tofauti yote.

Kwanza ujue unachouziwa, kwa sababu dukani kila kitu ni "orijino". Pindua bampa utafute herufi zilizochapwa ndani. Ukikuta PP au PP+EPDM, hiyo ni polipropilini. EPDM ni mpira uliochanganywa ndani yake ili ganda likunjike bila kupasuka. Ukikuta na T20 mwishoni, maana yake asilimia 20 ya mchanganyiko ni unga wa talki, unaolifanya ganda kuwa gumu. Pasipo na herufi, kwangua kipande chembamba kutoka ukingo usioonekana ukitumbukize majini. Kikielea, ni polipropilini. Kikizama bado usikate tamaa, kwa sababu talki ikizidi hata polipropilini huzama, lakini hapo uliza maswali zaidi kabla ya kutoa pesa. ABS na poliurethani, ambazo ni plastiki za aina nyingine, pamoja na faiba, zote huzama.

Poliurethani ni tamu kwa kukwaruzwa, inakunjika sana, ila ni nzito, na mara nyingi husafirishwa ikiwa imekunjwa. Ikiegeshwa juani saa nane mchana hulegea katikati ya bolti na mstari wa chini unabonyea. ABS hushika rangi vizuri na inaunganika kwa asetoni, lakini masikio yake ya kufungia hukatika haraka. Kaboni sitaizungumzia sana: nakala nyingi ni faiba yenye tabaka moja la kaboni juu, na klia (rangi ang'avu ya juu) isiyo na kinga ya jua hugeuka njano.

Faiba inahitaji jicho. Ile ya kwangu ilikuwa na kasoro ambazo ningeziona palepale dukani kama ningepiga taa kutoka nyuma. Tochi ya simu ikiwashwa upande wa ndani, ganda zuri huonyesha mwanga wa rangi moja. Madoa meupe ni hewa iliyonaswa au mkeka wa nyuzi za kioo ambao haukulowa resini. Gonga kwa kifundo cha kidole kutoka kona hadi kona, na pale sauti inapobadilika kuwa ya debe tupu pana pengo kati ya tabaka. Unene uwe milimita 2 hadi 3, yaani tabaka mbili au tatu za mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Nusa pia. Harufu kali ya resini ina maana haijaiva. Ukiipaka rangi hivyo, mvuke unaoendelea kutoka utainua rangi kwa malengelenge. Iache juani siku kadhaa, ikiwa imefungwa kwenye gari au kwenye fremu, kamwe isilale chini, kwa sababu itaiva ikiwa imepinda na haitarudi.

Kisha kuna suala la umbo, na hapa watu wengi wanapoteza pesa. GDB, yaani WRX STI ya kizazi hiki, ina nyuso tatu: ya 2000 hadi 2002 yenye taa za mviringo ambayo wengi huiita bugeye, ya 2002 hadi 2005 inayoitwa blobeye, na ya 2005 hadi 2007 inayoitwa hawkeye. Bampa la uso mmoja halikai kwenye mwingine bila kubadilisha taa, boneti na fenda. Usikubali neno "linaingia, tutalikata kidogo". Halafu pima upana. Sedani ya WRX ya kizazi hiki ina milimita 1730 au zaidi kidogo, wakati wagoni yake ina 1695, kwa sababu fenda zake hazikutanuliwa. Wenye wagoni hapa Uganda ni wengi, na wanauziwa mabampa ya sedani ambayo pembe zake zinabaki nje ya fenda. Ukienda Kisekka, soko la vipuri Kampala, beba ganda lako la zamani uliweke juu ya lile unalotaka, mgongo kwa mgongo, ulinganishe matundu. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Nakala ya faiba ina tatizo jingine: mara nyingi imetolewa kwenye nakala nyingine. Resini husinyaa kidogo inapoiva, na kila nakala ya nakala hupoteza milimita chache. Langu lilikuwa fupi kiasi cha milimita 8 kutoka pembe hadi pembe. Fundi akivuta pembe hizo kwa skrubu ili zifike, bampa litakaa, utalipenda, na baada ya wiki mbili za mashimo litachanika kuanzia kwenye tundu la skrubu. Faiba haivumilii kufungwa ikiwa imevutwa. Dawa ni kuikata katikati ya eneo la chini lisiloonekana, kuipanua ikiwa imefungwa kwenye gari, na kujaza pengo kwa mkeka upande wa ndani.

Kwa hiyo siku ya kujaribisha isiwe siku ya rangi. Bandika utepe wa karatasi kwenye kingo za fenda na chini ya taa. Ondoa klipu za juu chini ya boneti, za chini kwenye kinga ya injini, na zile za ndani ya tao la gurudumu. Chomoa waya za taa za ukungu. Kisha vuta pembe kwenda nje, si mbele, la sivyo utavunja vishikizo vya kwenye fenda. Vishikizo hivyo ndivyo vinavyoamua kama bampa litanyooka. Vikiwa vimekatika, hata ganda jipya la kiwandani litaning'inia, na mafundi watalaumu ganda. Vibadilishe kwanza. Nunua na klipu mpya kama 20, kwa sababu za zamani zimekauka.

Boriti ya metali iliyo nyuma ya ganda na sponji yake zibaki. Nimeshaona wanaoziondoa ili nakala iingie. Ganda ni sura tu. Kinachokulinda ukigonga ni boriti. Nakala isiyoingia bila kuondoa boriti irudishwe dukani.

Funga kila kitu kavu: taa zikiwa mahali pake, boneti imefungwa, magurudumu yapo chini. Nafasi kati ya bampa na fenda iwe milimita 2 au 3, na chini ya boneti 4 hadi 6, sawa pande zote mbili. Pale linapogusa, punguza kwa msasa namba 80 uliozungushiwa kibao, kidogo kidogo, ukirudisha na kupima. Grainda inakula milimita tatu kabla hujapepesa. Matundu ya faiba yawe mapana kuliko bolti kwa milimita 2, na kila bolti ipate washa pana yenye mpira chini yake. Nyuma ya kila tundu ongeza tabaka mbili za mkeka. Changanya resini na hadina (dawa ya kuigandisha) kwa uwiano wa gramu 10 hadi 20 za hadina kwa kilo moja. Kwa joto letu gramu 10 zinatosha, ukizidisha itaganda ndani ya kopo. Vaa barakoa na glavu, na ulinde macho kabisa, kwa sababu tone la hadina jichoni ni hatari.

Kabla ya kulipia umbo lolote pima pia kimo chake kutoka ardhini. Kwenye gari langu mdomo wa bampa uko sentimita 75 mbele ya mahali tairi linapogusa ardhi. Ukiwa juu kwa sentimita 15, unaweza kupanda mteremko wa digrii kama 11. Nakala yenye mdomo mrefu iliushusha hadi 10, na digrii zikabaki 7 na nusu. Kwa matuta yanayomwagwa kwa mkono kwenye mitaa ya ndani, tofauti hiyo ndiyo kugusa au kutogusa kila siku. Zungusha usukani mwisho kwa mwisho, watu wawili wakiwa wamekaa mbele, uone kama tairi linakula ukingo. Angalia pia tundu la ndoano ya kuvutia: nakala nyingi hazina, au halilingani na uzi wa ndani. Kwenye barabara ya udongo wakati wa mvua utalihitaji.

Rangi. Polipropilini haishiki rangi yenyewe; hata puti ya kawaida huachia. Osha kwa sabuni, sugua hadi mng'ao upotee, futa mafuta, pitisha msasa 400, kisha praima maalumu ya plastiki, tabaka jembamba. Baada yake praima ya sehemu mbili, inayochanganywa na hadina yake, msasa 800, rangi, klia. Fundi akiruka praima ya plastiki, rangi itabanduka mara ya kwanza gari likioshwa kwa mashine ya maji, kuanzia kwenye alama za kokoto. Faiba ni kinyume: inashika rangi vizuri, ila nta ya kalibu iliyotumika kuitengeneza lazima itoke, na vitundu vidogo vijazwe, maana huonekana baada ya klia. Kama gari ni la bluu ya 02C au rangi nyingine yenye chembe zinazong'aa, bampa lipakwe likiwa limesimama kama litakavyokaa kwenye gari. Likilazwa, chembe hulala tofauti na fenda zitaonekana rangi nyingine.

Ajali ndogo ndizo zilizonipa uamuzi. Polipropilini iliguswa na bodaboda kwenye foleni ikabonyea ikarudi, mkwaruzo tu ukabaki. Ikipasuka, toboa tundu la milimita 3 mwisho wa ufa ili usiendelee, chonga mfereji wa V upande wa ndani, uchomelee kwa fimbo ya polipropilini ileile juu ya wavu wa chuma kisichoshika kutu. Fimbo ya ABS haitashikana nayo. Faiba iliguswa kidogo tu kwenye tuta na mdomo ukakatika kipande cha sentimita 20. Unarekebishika: saga upande wa ndani sentimita 4 kuzunguka ufa, panga tabaka tatu kuanzia ndogo hadi kubwa. Lakini kila mara ni rangi upya.

Baada ya kilomita 100 za kwanza, hasa ukipita kwenye murramu, rudi na spana namba 10 ukague kila bolti. Kwenye plastiki kaza kawaida. Kwenye faiba simama pale washa inapoacha kuzunguka, kwa sababu ukiendelea bolti itaanza kusaga tundu na ufa utaanzia hapo.